Gia za mkono za Forester ya otomatiki: zinafaa mteremkoni, kwenye mbio hazina maajabu

Forester ya kati ya 2008 na 2012, ile inayojulikana kama SH5, imejaa Uganda, na nyingi ni otomatiki ya gia 4. Pembeni ya D (gia ya kuendea mbele) kuna njia fupi yenye + na −, ambayo Subaru wanaiita Sportshift. Kuna madereva ambao hawajawahi kuigusa tangu wanunue gari, na kuna vijana wanaoigusa kila wakitaka kukimbia. Hao wote hawajaipatia. Kazi yake hasa utaiona ukishuka kutoka Kapchorwa kuelekea Sironko, au ukiteremka Kanaba kuingia Kisoro gari likiwa na watu watano na mizigo.

Kuitumia hakuna ugumu. Gari likiwa D na linatembea, sogeza mpini wa gia pembeni, na dashibodi itaonyesha namba ya gia. Kusukuma mbele kunapandisha, kuvuta nyuma kunashusha. Aliyezoea Mazda ajihadhari, maana kule mambo ni kinyume. Ukivuta mara mbili chapuchapu, gari linaruka kutoka 4 hadi 2 moja kwa moja. Ukisimama, linarudi 1 lenyewe. Ukidai gia ya chini wakati kasi bado ni kubwa, na injini ingeingia kwenye mstari mwekundu, kompyuta inalia bip-bip na kukunyima, kwa hiyo hofu ya kupasua giaboksi kwa kukosea mkono haina msingi.

Sasa mteremko. Punguza mwendo kwa breki kabla ya kufika kileleni, ushuke hadi kilomita 45 au 50 kwa saa, kisha ingiza 2 gari likiwa bado tambarare. Usingoje hadi gari lianze kukuvuta. Kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo, ukiwa kwenye 2 kwa kilomita 40, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unakaa juu kidogo ya 2,000. Kwa 60 unafika kama 3,200, na hapo unaisikia injini ikilishika gari. Kwenye 3 kwa 60 hiyohiyo injini inazunguka kama 2,100 tu, na Kanaba itakucheka. Hii ndiyo kasoro kubwa ya giaboksi hili: gia ni nne tu, na pengo kati ya 2 na 3 ni pana mno. Kuna miteremko ya wastani ambapo 2 inapiga kelele na 3 haishiki, ukabaki unahama huku na huku.

Kasi ikizidi, kanyaga breki kwa nguvu kidogo, ishushe kwa kilomita 10 au 15, kisha achia kabisa. Kuiegemea breki kilomita nzima ndiko kunakozichemsha. Padi zinapopata moto zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu yanachemka mapema: mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishashika maji kipimo chake kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, ndipo kanyagio linapozama hadi sakafuni. Kwenye kona kali kabisa, ukiwa chini ya 25, unaweza kuingiza 1, ila gari litashtuka kidogo.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: gari linapopunguza kasi kwa gia, taa za breki haziwaki. Ukiwa na lori nyuma yako, gusa kanyagio kidogo dereva wake aone.

Na wale wanaoshuka kwa nyutro wakidhani wanaokoa petroli wanajidanganya. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeacha mafuta, kompyuta inakata petroli isiingie kwenye injini mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwenye nyutro injini lazima ilishwe ili isizime. Kwa hiyo nyutro inakula mafuta na inakuachia breki peke yake.

Kupanda, 3 inasaidia pale D inapokosa msimamo na kurukaruka kati ya 3 na 4. Kuruka huko kunapasha moto mafuta ya giaboksi. Taa ya AT OIL TEMP (joto la mafuta ya giaboksi) ikiwaka, simama mahali salama, acha injini iungurume mpini ukiwa P (ya kuegesha) hadi taa izime. Kwenye matope, ukiwa umesimama, sukuma + mara moja upate 2, kisha ondoka taratibu. Tairi hazitaserereka ovyo kama kwenye 1.

Kuovateki? Usijisumbue. Gia inachelewa kidogo baada ya amri, na kukanyaga mafuta hadi chini ukiwa D kunakupa gia ileile bila kuhangaika na mkono.

Mwenye Toyota ya zamani ya gia 4 asione wivu sana. Kitufe cha O/D (overdrive) kinaizuia gia ya 4 isiingie, kisha kwenye mpini ana 2 na L, yaani gia za chini. Si kazi ya kifahari lakini mteremko unashuka vizuri tu. Kwenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) yenye B, nafasi ya kushikia gari kwa injini, tumia B.

Ukienda kununua SH5, jaribu njia hiyo ya mkono mwenyewe. Namba kwenye dashibodi ifuate kila amri bila kukosa. Halafu pima mafuta ya giaboksi injini ikiwa ya moto na inaunguruma, mpini ukiwa P baada ya kuupitisha kwenye gia zote. Kijiti cha kupimia kisome upande wa HOT. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, achana na gari hilo. Hapa mafundi wengi wanateleza: difu ya mbele (sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu) ina mafuta yake, karibu lita 1.2 ya 75W-90, na kijiti chake. Fundi asiyeijua Subaru hufungua kizibo cha difu akidhani ni cha giaboksi, kisha anaongeza ATF (mafuta ya giaboksi la otomatiki) juu ya ile iliyojaa tayari giaboksini. Difu inabaki kavu, giaboksi inafurika, na wewe unarudi nyumbani unasikia mlio mbele. Mwambie akuonyeshe alichomwaga kabla hajamimina kingine: ATF ni nyekundu na nyepesi, ya difu ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti.