Kamusi ya Kiswahili Sanifu: inavyopambanua wazo, fikira na dhana

Ubora wa kamusi ya lugha moja hujulikana inapofika kwenye mambo yasiyoshikika kwa mkono. Kwa maneno kama wazo, fikira na dhana tumeipima Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la tatu la mwaka 2013, kwa ajili ya mwanafunzi, mfasiri na mtunga mashairi wa Mombasa.

Nguvu yake ni sarufi. Nomino huandamana na ngeli yake kwenye mabano: wazo li-/ya-, fikira i-/zi-. Anayeandika "wazo hii" atajisahihisha papo hapo.

Udhaifu ni mazoea ya kufafanua neno kwa kisawe chake. Msomaji hutumwa neno la pili, kisha akarudishwa alikotoka, ilhali wasemaji huyatenganisha maneno haya bila taabu. Wazo humjia mtu hata asipolitafuta. Fikira ni kazi ya akili. Mtu huzama ndani yake. Na ukisikia fulani "ana mawazo", jua kuna jambo linalomkosesha raha. Dhana bado haijathibitishwa, ndiyo maana kumdhania mtu vibaya ni kumshuku; wanataaluma nao huitumia kwa wazo la jumla, kama haki au uhuru. Maoni ni vile mtu aonavyo, lakini rai huwekwa mbele ya wenzake wakaikubali au wakaikataa. Nia hukaa moyoni, kama ya mfungaji wa Ramadhani. Ikishakazwa, huwa azma.

Pa kuwa macho zaidi ni dhamira na dhamiri, zinazotofautiana kwa irabu moja tu. Dhamira ni kusudi alilonalo mtu. Dhamiri ndiyo inayomsuta akikosa. "Dhamira yake ilimsuta" ni kosa linalojirudia kwenye insha, kwa hiyo soma vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, vyote viwili kabla ya kuandika.

Mtunzi naye ana hesabu yake. Fikira ina mizani (silabi) tatu, fikra mbili. Kwenye kipande cha mizani nane, kuchagua vibaya kunauvunja mshororo. Kamusi haitamhesabia. Wala asitarajie Kimvita, lahaja ya Mombasa, chote kimo: mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na malenga wa Mji wa Kale bado wana msamiati usioingia kwenye kamusi sanifu. Hilo ni pengo la kusikitisha.

Ukinunua kwa wauzaji wa mitumba, fungua kwanza ukurasa wa haki za uchapishaji. Kuna toleo la 1981, la 2004 na la 2013. Usilipe bei ya jipya kwa la zamani. Kisha pekua nambari za kurasa mfululizo, hasa karibu na gundi ya uti, maana kurasa huchomoka hapo. Kwa insha na tafsiri, inunue, ila weka kando yake daftari la sentensi za mfano, neno kwa neno.