Fundi umeme wa Kihonda aliyepima waya kabla ya kuniambia ninunue kontroli boksi

Naandika haya kwa wenye magari wa Morogoro, hasa wenye IST, Vitz, Raum na Probox, ambao wameshaambiwa "kontroli boksi imekufa", yaani ile kompyuta inayoongoza injini, na sasa wanahangaika kutafuta hela. Kabla hujatuma hela Dar, peleka gari Kihonda kwa fundi huyu. Mimi nilibakiza siku moja tu nitume shilingi 380,000.

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1NZ. Nalitumia kila siku kwenda kufundisha. Shule yetu iko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Iringa, na njia ile ina matuta mengi. Tatizo lilianza mwezi wa pili. Nikipanda tuta, injini inakata ghafla, kama mtu kazima swichi. Nasogea pembeni, nawasha, linawaka. Siku mbili kimya, siku ya tatu linarudia. Mvua zilipoanza mwezi wa tatu likawa linazima hata kwenye lami iliyonyooka, na mara moja lilizima nyuma yangu kuna lori. Siku hiyo nilifika darasani mikono inatetemeka.

Gereji ya kwanza walichomeka kompyuta, ikatoa kodi ya hitilafu, P0120. Kijana akaniambia sensa ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, imekufa. Ikaagizwa ya mtumba kutoka Dar, ikaja kwa basi, 70,000, na ufundi 30,000. Gari likatulia siku tisa. Siku ya kumi likazima mbele ya geti la shule na halikuwaka tena. Stata inazungusha injini vizuri kabisa, lakini haishiki. Wakaja na kompyuta ileile, safari hii haikusoma kitu. Ikasema haiwezi kuwasiliana na gari. Hapo ndipo nilipoambiwa kontroli boksi imeungua na dawa yake ni kununua nyingine.

Mwalimu mwenzangu, ambaye Noah yake iliwahi kutibiwa Kihonda, akanishika mkono: "Dada, usitume hela. Livute kwanza kwa fundi umeme wa chini ya mwarobaini." Nikalivuta.

Karakana yake haina bango. Ni uwanja wa mchanga, mwarobaini mmoja mkubwa, kontena la vifaa na benchi la mbao. Fundi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anaongea kidogo. "Shikamoo mwalimu," akasema, nikaitikia, na kabla sijamaliza kusimulia yaliyonipata akaniomba ufunguo. Nilidhani anataka kuwasha. Hakuwasha. Aliuzungusha hadi "ON" tu, akainama akitazama dashibodi. Taa ya betri ikawaka, taa ya oili ikawaka.

"Mwalimu, unaona taa gani haipo?"

Sikuona. Akaninyooshea kidole mahali palipo na mchoro wa injini. Ile taa ya njano ambayo sote tunaiogopa ikiwaka, kumbe inatakiwa iwake kila unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, ndipo ujue kontroli boksi imeamka. Kwangu ilikuwa giza. Gereji ya kwanza hawakuiangalia, na mimi nimeendesha gari miaka kumi na moja bila kujua kwamba taa hiyo kutowaka ni habari.

"Haijaamka," akasema. "Lakini kutoamka siyo kufa. Tuangalie kwanza kama inakula."

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa, na nakiri kwa furaha kwamba saa mbili zilizofuata nilikaa kama mwanafunzi. Alianza na betri: volti 12.4. Akachukua bulbu ndogo yenye nyaya mbili, akapitia fyuzi moja baada ya nyingine, kila moja pande zote mbili, kwa sababu fyuzi inaweza kuonekana nzima kwa macho na isipitishe kitu. Zote nzima. Akafungua soketi za kontroli boksi, akapima kwa mita: umeme wa betri unafika, 12.3. Akapima na ethi yake, yaani waya wa hasi, kutoka kwenye soketi hadi hasi ya betri, swichi ikiwa imefunguliwa: 0.02. Maana yake waya wa ethi haupotezi kitu njiani. Basi boksi linakula, na njia ya kurudishia umeme ni nzima, ila limelala.

Hapo akahamia kwenye sensa ya throto, ileile niliyoinunua. Ina nyaya tatu, na akanieleza kwa maneno ambayo nimeshayatumia darasani: "Mmoja unaleta, mmoja unarudisha, wa katikati unasimulia." Unaoleta unabeba volti 5 zinazotengenezwa na kontroli boksi kutokana na zile 12 za betri. Unaorudisha ni hasi. Wa katikati unapanda na kushuka kadiri mguu unavyokanyaga mafuta, na kontroli boksi husoma hapo throto imefunguka kiasi gani. Shule zetu za sekondari tunafundisha fizikia kwa Kiingereza. Kila mwaka nachora ubaoni betri na vizuizi viwili vya umeme, nauliza volti za katikati ni ngapi, na nusu ya darasa inatazama chini. Sijawahi kusikia somo lile likielezwa kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, likaeleweka hivi.

Akaingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, pale waya unapoingilia. Hakutoboa koti la waya. Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu gereji ya kwanza niliwaona wakitoboa kwa sindano. Akasema tundu la sindano huingiza maji, na baada ya miezi michache shaba inakuwa kijani kwa ndani, na hapo unakuwa umezaa tatizo jipya. Na ile bulbu aliyopimia fyuzi aliiweka mbali. Bulbu inavuta umeme mwingi kuliko waya wa sensa ulivyopangiwa na inaweza kuiumiza kontroli boksi. Kwenye sensa anatumia mita tu, kwa kuwa upinzani wa ndani ya mita ni megaomu 10 na haivuti karibu kitu.

Ule waya unaoleta ulitakiwa usome 5. Ulisoma 0.03.

Ningekuwa mimi, hapo ningesema boksi haitoi, kwa hiyo boksi limekufa. Yeye akanifafanulia jambo ambalo ndilo lililoniokolea hela. Kwenye Toyota nyingi za namna hii, laini ya volti 5 inayolisha sensa inahusiana moja kwa moja na umeme wa ubongo wa kontroli boksi yenyewe. Waya huo ukigusa bodi ya gari mahali popote, volti zinaporomoka, ubongo unalala, taa ya injini haiwaki, kompyuta ya kupimia haipati wa kuongea naye, gari haliwaki. Dalili zote za kontroli boksi iliyokufa, na boksi lenyewe zima.

Akachomoa soketi ya sensa. Kama sensa ndiyo ingekuwa inashoti, taa ya injini ingerudi. Haikurudi. Kwa hiyo ile ya 70,000 haikuwa na kosa, na ya zamani niliyoitoa haikuwa na kosa. Akafunga swichi, akatoa kichwa cha betri, akachomoa soketi za kontroli boksi ili kusiwe na kitu chochote kwenye waya ule pande zote mbili, kisha akapima upinzani kati ya waya na bodi. Waya uliobaki peke yake hautakiwi kugusana na bodi kabisa. Mita ilitakiwa ionyeshe kwamba hakuna njia. Ikaonyesha omu 0.9.

"Umelala mahali kwenye chuma," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Akanipa mita niishike. Yeye akaanza kuubinya mkungu wa nyaya sentimita kwa sentimita, kuanzia kwenye kontroli boksi, akishuka nyuma ya boksi la hewa kuelekea juu ya giaboksi. "Niambie zikibadilika, mwalimu." Sifuri nukta tisa. Sifuri nukta tisa. Halafu ghafla namba zikaruka, zikapotea, zikarudi. Nilipiga kelele kama mtoto. Akaondoa boksi la hewa, na pale chini tukaona: mkungu umelalia ukingo wa kipande cha chuma, klipu ya kuushikilia haipo, tepu imesagika, na nyaya tatu zimechunika koti. Mmoja shaba yake ilikuwa inang'aa upande unaosuguliwa na ya kijani upande mwingine.

Mwaka jana giaboksi ilishushwa ili kubadilisha sili iliyokuwa inavuja mafuta. Aliyeirudisha hakurudisha klipu. Plastiki yenyewe ni ndogo kama kucha. Na zile siku tisa za utulivu? Mkono uliobadilisha sensa ya throto uliusogeza mkungu kidogo, waya ukaachana na chuma, hadi matuta yalipourudisha. Kwa hiyo wale wa gereji ya kwanza waliamini kwa dhati kwamba wametibu, nami nikaamini. Siwashutumu kwa nia mbaya. Lakini kodi P0120 inataja saketi ya sensa ya throto: sensa, soketi, nyaya, hadi kwenye kontroli boksi. Wao walisoma neno "sensa" peke yake, na mimi nikalipa 100,000.

Ukarabati wenyewe haukuchukua muda. Alikata sehemu mbovu, akaunga vipande vya waya wa unene uleule kwa risasi ya kulehemu, akavivisha mipira inayobana ikipashwa moto, kila kiungo mahali pake ili visikutane, akazungusha tepu ya kitambaa, akauvisha mkungu wote bomba la plastiki la mikunjo na kuufunga mbali na kile chuma. Akarudisha soketi na betri, akaniambia nifungue swichi mwenyewe.

Taa ya injini ikawaka. Sikuwahi kuifurahia taa ile hivyo maishani mwangu.

Hakuniruhusu niwashe bado. Akapima tena: 4.98. Akahamia waya unaosimulia, akaniomba nikanyage mafuta polepole sana. Ukaanza 0.7 mguu ukiwa juu, ukapanda bila kuruka hadi 3.8 mguu ukiwa chini kabisa, ukashuka vilevile. Anasema hapo ndipo sensa mbovu hujulikana, pale namba zinapodondoka ghafla katikati ya safari. Yangu haikudondoka. Ndipo tukawasha, likashika mara ya kwanza, sailensi, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia. Akautikisa mkungu kwa mkono injini ikinguruma, kisha akaliendesha juu ya matuta ya mtaa ule mara nne, mimi nikiwa pembeni yake.

Alinitoza 60,000 kwa yote. Kati ya hizo, 20,000 ni ya kupima, na hiyo utailipa hata ukiamua kutengenezea kwingine. Nimesikia watu wakilalamika kwamba "anatoza kwa kuangalia tu". Siwaungi mkono hata kidogo. Saa mbili zile za kupima ndizo kazi yenyewe. Kuunga waya kulichukua dakika arobaini. Kama mafundi wangelipwa kwa kupima, wasingelazimika kutafuta riziki kwa kutuuzia spea.

Yapo yasiyonifurahisha. Akiwa ndani ya gari la mtu hapokei simu kabisa, kwa hiyo usitegemee kupanga miadi. Anashika gari moja hadi limalizike, na ukikuta lenye tatizo gumu utasubiri siku nzima. Mvua ikinyesha kazi inasimama, maana mwarobaini hauzuii maji, na mwezi wa nne hilo ni tatizo kubwa. Magari ya Ulaya anayakataa waziwazi kwa kuwa hana michoro yake. Mwenye BMW alifika nikiwepo, akaambiwa kwa heshima atafute mwingine. Hilo la mwisho mimi nililipenda. Michoro aliyonayo ameichapisha na kuifunga kwenye faili, na kwenye kila ukurasa ameandika kwa kalamu volti alizowahi kupima kwenye magari yaliyo mazima. Nilimwambia faili lile lina thamani kuliko mita yake. Akasema anajua, analala nalo nyumbani.

Sasa ni mwezi wa saba. Gari halijazima hata mara moja, matuta yaleyale, na sensa iliyofungwa ni ya zamani. Aliirudisha mwenyewe baada ya kuipima na kuikuta nzima, ile ya mtumba naiweka kama akiba. Kile kipande cha waya kilichochunika nilikiomba. Kiko kwenye dawati langu, na kidato cha tatu wamekipima upinzani wakikigusisha na kipande cha bati.

Ukienda, fika saa moja na nusu asubuhi. Usifute kodi kwanza, usichomoe betri ili "kuiamsha", na mwambie ni kitu gani cha mwisho kilichofunguliwa kwenye gari lako, hata kama ni mwaka jana. Ndilo swali lake la pili baada ya ufunguo.