Uzoefu wangu: kutafuta ukoo wa wakwe zangu, Waholanzi wa Pella, Iowa

Nianze na lile mnalotaka kujua. Kama umeoa au kuolewa kwa Wamarekani wenye asili ya Uholanzi huku Iowa, na sasa wamekutwika kazi ya kutafuta mababu, usitoe kadi ya benki kwanza. Karibu kila kilichonisaidia nilikipata bure. Kilichonipotosha nilikilipia.

Mimi ni Mkikuyu wa Nyeri, nimeolewa katika familia ya wakulima wa mahindi na soya karibu na Pella, kaunti ya Marion. Mama mkwe ana Biblia ya Kiholanzi asiyoweza kuisoma, na kurasa zake za mbele zimejaa majina na tarehe kwa wino uliofifia. Alitaka kujua hao ni akina nani kabla hajafa, ndivyo alivyosema. Mume wangu habari za wafu hazimshughulishi, yeye ni bei ya mahindi tu, kwa hiyo kazi ikamwangukia mkaza mwana.

Nilianza pale wanapoanzia wengi: tovuti moja kubwa ya kulipia, ambayo sitaitaja. Ukiingiza jina la babu, inakutolea mti mzima papo hapo, majani na matawi, picha za meli, bendera. Nikafurahi. Kisha nikaanza kusoma tarehe. Mtu mmoja kwenye mti huo alizaliwa, akafa akiwa na miezi michache, halafu akaoa na kupata watoto tisa. Kilichotokea ni hiki: Waholanzi wa zamani mtoto akifa, atakayezaliwa baadaye wa jinsia ile ile mara nyingi alipewa jina lile lile. Mashine iliona majina mawili yanayofanana, wazazi wale wale, kijiji kile kile, ikawafanya mtu mmoja. Niliandika kwa huduma kwa wateja, nikajibiwa kwamba miti hiyo imejazwa na watumiaji wenyewe. Nilipotaka kujitoa, walikuwa wameshanikata pesa za kipindi kingine.

Nikahamia upande wa pili wa bahari, na huko ndiko nilikopata raha. Uholanzi imeandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tangu 1811 karibu nchi nzima, urithi wa utawala wa Napoleon. Tovuti ya WieWasWie inakusanya hati hizo kutoka hifadhi za nyaraka za mikoa. Unaweza kuitumia kwa Kiingereza, na utafutaji wa kawaida ni bure. Kuna kifurushi cha kulipia chenye njia zaidi za kutafuta, sikukihitaji. Open Archives nayo ni bure, na mimi naiona nyepesi zaidi ukiwa kwenye simu. Vizazi vinafunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50, kwa hiyo watu wa karne ya 19 wote wako wazi.

Raha kubwa kuliko zote ni kwamba mwanamke wa Kiholanzi kwenye hati haachi jina la baba yake. Anazaliwa nalo, anaolewa nalo, anazikwa nalo. Huku Iowa makaburini mabibi wengi wameandikwa kwa jina la mume tu, na hapo ndipo utafiti hukwama. Ukishajua kijiji alichotoka, mtafute yeye badala ya mume. Wanaume wenye jina la De Jong ni wengi mno. De Jong aliyemwoa binti wa fulani ni mmoja.

Sasa nije kwenye kitu ambacho peke yake kinatosha kuipa kazi hii nyota tano: viambatisho vya ndoa. Kabla ya kufunga ndoa, bwana na bibi harusi walipeleka rundo la karatasi kwa msajili. Hati za kuzaliwa. Kama mzazi amekufa, hati ya kifo chake. Kama wazazi wote wamekufa, basi na hati za vifo vya mababu, kuonyesha kwamba hakuna aliyebaki wa kutoa ridhaa. Yaani ukimpata yatima aliyeoa, umepata vizazi vitatu kwenye faili moja. FamilySearch, tovuti ya bure ya kutafuta ukoo inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni, wamezipiga picha nyingi za karatasi hizo na kutazama ni bure, ingawa baadhi hufunguka tu ukiwa kwenye kituo chao.

Ndani ya rundo hilo mna cheti cha jeshi, kinachoonyesha kwamba kijana alishashiriki kura ya bahati nasibu ya kuchagua wa kuingia jeshini. Kwa kuwa vyeti hivyo havikuwa na picha za kamera, karani alimwandika alivyo. Niliisoma ya babu wa babu wa mume wangu nikiwa jikoni kwa mama mkwe, kamusi pembeni. Urefu: el 1, palmen 6, duimen 8. Wakati huo tayari walikuwa kwenye vipimo vya mita, ila walivipa majina ya kale. El ni mita, palm ni sentimita kumi, duim ni sentimita moja. Kwa hiyo mita 1.68, mfupi kuliko nilivyotarajia kwa kizazi cha watu hawa warefu. Uso mrefu, paji la kawaida, macho bluu, pua kubwa, kidevu cha mviringo. Mama mkwe aliposikia "pua kubwa" alimgeukia mwanawe aliyekuwa anakula, akacheka hadi akavua miwani.

Kwenye majina, Ukikuyu wangu ulinifaa kuliko kamusi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba, wa pili wa babu mzaa mama. Waholanzi hawa walifuata hivyo hivyo, isipokuwa binti wa kwanza mara nyingi alipewa jina la bibi mzaa mama, ambapo sisi tungeanza na mzaa baba. Kwa hiyo nikiona mtoto wa pili wa kiume ana jina lisilojulikana upande wa baba, najua moja kwa moja nikamtafute baba wa mke. Shemeji zangu walidhani nabahatisha.

Upande wa Iowa ndio mgumu. Jannigje aligeuka Jennie, Gerrit akawa Garrett, Cornelis akaitwa Casey. Historia ya mji inasaidia kupunguza utafutaji. Pella ilianzishwa mwaka 1847 na mchungaji Hendrik Scholte na kundi la watu kama 800. Tangu mwaka 1834 walikuwa wamejitenga na kanisa la Uholanzi lililotambuliwa na serikali. Walitozwa faini kwa kukusanyika kusali, na Scholte mwenyewe alitiwa ndani. Kisha viazi vikaoza mwaka 1845. Walivuka kwa meli nne hadi Baltimore, wakaendelea kwa treni, mashua za mifereji na meli za mtoni hadi St. Louis, na Agosti wakafika kwenye mbuga za nyasi za Iowa. Wengi walipitisha majira ya baridi ya kwanza katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Serikali ya Uholanzi iliweka orodha za waliohama enzi hizo, zenye kazi ya mtu, dhehebu, sababu ya kuondoka na uwezo wake: mwenye nacho, wa kadiri, au fukara. Wetu ni wa kadiri. Mama mkwe hakupenda, maana alilelewa na hadithi za ufukara mkubwa.

Na hadithi nyingine aliyolelewa nayo, kwamba walikuta ardhi tupu, haikunipita hivi hivi. Mtu wa Nyeri akisikia mlowezi anasema ardhi ilikuwa tupu, huuliza wenyewe walienda wapi. Wasauk na Wameskwaki, makabila mawili ya wenyeji asilia, waliiachia ardhi hii kwa mkataba wa 1842, na eneo la Pella likafunguliwa kwa walowezi mwaka uliofuata. Wameskwaki walinunua ardhi yao wenyewe katika kaunti ya Tama mwaka 1857 na wapo hadi leo. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha familia. Hakuna aliyelifuta.

Kwa wakulima, tafuta sensa mbili za jimbo la Iowa, zote ziko FamilySearch. Ya 1925 inataja wazazi wa kila mtu, na jina la mama kabla ya kuolewa. Ya 1915 iko kwenye kadi, mtu na kadi yake: alichuma kiasi gani mwaka uliotangulia, kanisa lake, thamani ya shamba, na shamba lina deni au halina. Deni tulilolikuta sitalisema hapa.

Vitabu vya kanisa vinahitaji subira. Lazima ujue kama familia ilikuwa Reformed au Christian Reformed, makanisa mawili ya Waholanzi wa Marekani, maana waliachana mwaka 1857, na kumbukumbu zao zinahifadhiwa mahali tofauti. Kwa kanisa la wakwe zangu, kurasa ni za Kiholanzi hadi miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha Kiingereza kinaanza kupenya. Mei 1918 gavana wa Iowa, Harding, alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, hadharani, kanisani na hata kwenye simu. Walengwa wakuu walikuwa Wajerumani, lakini Waholanzi nao walibanwa. Baba yake mama mkwe alikuwa mtoto wakati huo, na hakuwafundisha watoto wake neno.

Mkitaka kwenda wenyewe, Pella kuna kijiji cha makumbusho, nyumba ya Scholte, na kinu cha upepo cha mwaka 2002 chenye urefu wa futi 124 ambacho kinasaga ngano kweli. Mkate wa herufi S wenye lozi ndani unatosha kuwatuliza watoto mkiwa kwenye makaratasi. Msiende kutafiti wakati wa Tulip Time, tamasha la maua ya tulipu, mwanzoni mwa Mei: maegesho hakuna, na wazee wote wanaoweza kukusomea mwandiko wa zamani wako barabarani na viatu vya mbao wakisugua lami mbele ya watalii. Nenda Juni, siku ya kazi, na upige simu kwanza.