Nimekodi anwani ya biashara Kampala mwaka na miezi miwili, haya ndo yaliyonikuta

Nianze na kwa nini, manake kuna watu wataniuliza mtu wa Kireka, nje kidogo ya Kampala, anatafuta nini na anwani ya mjini. Mimi nauza vipuri vya cherehani, bobini, kesi za bobini, sindano, mikanda, na spea za ovaloku nikizipata, na duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Nyumba haina namba. Barabara yenyewe haina jina ambalo watu wawili watakubaliana. Mteja nikimwelekeza namwambia shuka Kireka, chukua boda, mwambie akufikishe pale msikitini alafu unipigie nitatuma mtoto aje akuchukue. Kwa boda hiyo inatosha kabisa. Ila muuzaji wa China ana fomu inayotaka mtaa, jengo, namba na postikodi (pale mimi huandika 00256 tu, haijawahi kunirudia), na huyo huwezi kumwambia msikiti. Alafu kuna mama mwenye nyumba. Aliwahi kumkuta fundi saa tatu usiku anagonga geti, ati anataka kesi ya bobini sasa hivi ana gauni la bibi harusi la kesho asubuhi, mama akaniita akaniambia mwanangu, hii ni nyumba ya watu kulala, si soko la Kikuubo.

Najua kuna atakayesema si uchukue boksi pale Posta. Mimi nimekulia kwenye mambo ya boksi. Kwetu Busia barua zote za familia zilikuwa zinapitia boksi ya kanisa, katibu anasoma majina Jumapili baada ya ibada, na mtaa mzima unajua nani kaandikiwa na benki. Uganda hii hakuna mtu wa posta anayepita nyumba kwa nyumba, barua inaishia kwenye boksi na wewe unaifuata, ndo maana boksi ya shule, ya kanisa, ya ofisi ya mjomba imekuwa anwani ya watu wengi kiasi hicho. Kwa barua peke yake boksi ya Posta Uganda ni kitu cha heshima na ningeichukua leo hii. Shida yangu ni mizigo. Watu wa kuria, DHL na wenzao, hawaachi mzigo kwenye boksi, wanataka mahali ambapo kuna mtu wa kuweka saini na simu inayopokelewa, na mimi kutwa nzima nimelala chini ya meza ya mtu natafuta skrubu iliyodondoka, simu iko kwa mkoba huko.

Basi ndo nikawapata hawa jamaa wa kukodisha anwani. Sitawataja jina, manake bado barua zangu ziko mikononi mwao hahaha. Wako mjini kabisa, ukitoka Kampala Road unatembea kidogo tu, ghorofa ya tatu, lifti tangu nianze kwenda pale sijaiona ikitembea. Unalipa shilingi 50,000 kwa mwezi na wanataka miezi mitatu mbele. Kwa hiyo hela unapewa jina la jengo na namba ya chumba ambayo ni yako wewe (chumba chenyewe hakipo, ni namba ya rafu), unatumia na boksi yao, wanakupokelea barua na mizigo wanakutumia picha kwa WhatsApp. Mzigo ukizidi kilo 5 unaongeza 5,000. Ukitaka waulete mpaka nyumbani wanaita boda, boda unamlipa mwenyewe. Kujiandikisha walitaka kopi ya kitambulisho cha taifa na cheti cha kampuni, dakika kumi nikawa nimemaliza.

Dakika kumi mwanzoni niliziona sifa. Siku hizi sizioni sifa tena. Nina binamu yuko Marekani, yeye alichukua boksi ya watu binafsi kama hii na kule huwezi kupokelewa barua mpaka ujaze fomu ya posta yao, inaitwa 1583, uonyeshe vitambulisho viwili, saini yako ishuhudiwe, na kwenye fomu unataja majina yote yatakayopokelea barua hapo. Nilimcheka nikamwambia nyinyi mna urasimu wa kikoloni. Sasa ngoja niwaambie ya PIN.

Nina chaneli ya YouTube, nafundisha kutengeneza cherehani kwa Kiswahili, mafundi wa Bunia, Goma, Kigoma na kwetu Busia wananiangalia, si hela nyingi ila inanunua unga. Sasa Google hela yako ikifika dola 10 wanachapisha kikadi chenye PIN ya tarakimu 6 wanakituma kwa posta, posta ya kawaida kabisa ile ya stempu, kuhakikisha anwani yako ni ya kweli. Hawatumi kwa simu wala barua pepe. Wenyewe wanasema subiri wiki 2 mpaka 4, na usipoiingiza ndani ya miezi 4 matangazo yanasimama kwenye video zako. Nikaandika jina langu, boksi ya hawa jamaa, Kampala, nikakaa kusubiri.

Wiki nne kimya. Wiki ya tano namwandikia kijana wa mapokezi kila asubuhi, ananijibu vizuri kabisa, "hakuna kitu mami", na kale kamkono ka kuomba. Nikaomba kadi ya pili. Wiki nyingine zikapita, hakuna kitu mami. Nikaanza kuwalaumu Google, nikalaumu ndege, nikalaumu hata mashabiki wangu wa Bunia sijui wao wamekosa nini. Siku moja nimepeleka sindano kwa mteja pale William Street nikasema acha nipande nikawasalimie. Nimefika juu nahema, nimekaa kwenye benchi lao, naangalia chini ya meza naona katoni ya biskuti imejaa bahasha. Nikamuuliza yule kijana, mdogo wangu, na hizi? Akasema, "Nyabo hizo hazina wenyewe."

Hazina wenyewe! Nikaivuta ile katoni, sikuomba ruhusa. Kadi yangu ilikuwa ya nne kutoka juu, ina vumbi, jina langu lote, la kwanza na la pili, limechapwa vizuri hata mtoto wa P.3, darasa la tatu, angelisoma. Kijana akaniangalia kwa huruma kabisa akanieleza kwamba wao wanaangalia jina la kampuni, na mimi kwenye daftari lao nimeandikwa kwa jina la kampuni tu. Alikuwa hadanganyi. Ile fomu yao ina mstari mmoja wa jina, na akaunti ya Google iko kwa jina langu mimi mtu, si kampuni. Hasira ikapungua ikabaki aibu, manake na mimi sikuuliza. Siku hiyohiyo nikachukua karatasi nikaandika majina yote, la kwangu, la kampuni, la ukurasa wa Facebook ambao wateja ndo wanaujua, hata la mume wangu, nikasaini nikamwambia bandika ukutani juu ya rafu. Akabandika. Kuanzia hapo sijapoteza hata bahasha moja, lazima niseme ukweli. Ila wenzangu waliokuwemo kwenye ile katoni sijui nani aliwaokoa.

Mizigo ni hadithi nyingine na hii inauma zaidi kwa sababu ni hela. Mara nyingi inakuja salama na picha ya WhatsApp inafika ndani ya nusu saa, hapo nawasifu. Mara moja tu katoni imekuja imepasuka pembeni, kijana akasaini bila kuiangalia, mimi kufungua nyumbani kesi za bobini kumi na mbili hazimo. Kuria akasema mtu wenu alisaini mzigo uko sawa. Hawa jamaa wakanionyesha mkataba, kuna mstari kule chini kabisa unasema wao wanapokea tu, hawawajibiki na kilichomo. Nimeusoma mara tatu na kweli upo. Sasa tumekubaliana kwa mdomo tu kwamba katoni ikija na jeraha apige picha kabla hajasaini na aandike kwenye karatasi ya kuria kwamba imepasuka, na kila nikileta mzigo mkubwa huwa namkumbusha kwa simu, na kwa soda.

Kosa ambalo ni langu peke yangu: niliweka ile anwani kwenye ramani ya Google kama duka. Sheria zao wenyewe zinakataza, hawataki boksi wala mahali pa kupokelea barua tu, wanataka mahali ambapo wewe au mtu wako mpo mnapokea wateja, lakini mimi nikaona nani ataangalia. Akaja kuangalia fundi kutoka Masaka. Amepanda ghorofa tatu na kichwa cha cherehani begani, kile cha chuma cha zamani ambacho ukiangusha kinavunja sakafu, anafika juu anakuta kijana mmoja na rafu ya bahasha. Alinipigia simu na maneno aliyoniambia siwezi kuyaandika hapa. Nikamtumia boda, nikamtengenezea bure, nikatoa ile alama kwenye ramani usiku uleule.

Na benki ni hivyohivyo. Niliomba mkopo mdogo, ofisa akasema atapita kuona biashara, nikampa anwani ya mjini kwa sababu ndo iko kwenye letahedi na kwa mhuri. Akaenda bila kunipigia. Kijana wa mapokezi alimwambia ukweli mtupu, madamu huyu, hapa anapokea barua tu. Nilinuna siku mbili bana. Lakini angesema nini, amwonyeshe rafu? Fomu ya mkopo ilirudi, nikaanza upya nikiandika Kireka, na yule ofisa alipokuja akaona sindano zimepangwa kwa saizi akafurahi kuliko angeona ghorofa.

Kwa hiyo sasa nimegawa. Kule URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, kampuni inatakiwa iwe na ofisi iliyosajiliwa na anwani ya posta, hapo nimeweka ya mjini, barua ya serikali au ya wakili ikija inakuta mtu wa kuipokea. Sheria ya Makampuni ya 2012 inataka pia jina la kampuni liandikwe nje mahali pa kuonekana, na hawa jamaa wana ubao mlangoni wenye majina yetu sote tumebanana kama abiria wa taksi ya Old Park, la kwangu lilikaa mwezi mzima bila herufi moja mpaka nilipopeleka mwenyewe ile herufi. TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni ya biashara nimeandika mahali mzigo ulipo kweli. Watu wengi hawajui hata kwamba Kireka leseni hutafuti KCCA, wale wa jiji la Kampala, tuko wilaya ya Wakiso, ni manispaa ya Kira.

Kitu ambacho bado sijakipenda ni jinsi barua zinavyokaa. Zimepangwa uso juu, ukisimama kwa meza unasoma. Mimi najua muuza ovaloku mwenzangu anaandikiwa na benki gani na sikutaka kujua (kidogo nilitaka). Wanatoa huduma ya kufungua barua na kuskani pia, hiyo nimekataa kwa maandishi. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, nilipowauliza nani hasa anafungua na zile skani zinakaa kwa simu ya nani nilijibiwa "ni sisi tu". Nikawauliza pia kama wana leseni ya UCC, tume ya mawasiliano, manake kubeba barua na vifurushi vya watu kwa malipo ni kazi ya leseni, wakasema kubeba ni boda si wao. Jibu la wakili hilo.

Nimelipia tena, lakini miezi mitatu, ile ofa yao ya mwaka na mwezi mmoja wa bure nimeikataa. Ukiangalia 50,000 dhidi ya kupanga hata kibanda cha mjini hakuna mjadala, na kijana ni mtu mzuri, tatizo yuko mmoja, akienda kula chakula cha mchana ofisi nzima imeenda kula. Kabla hujalipa panda mwenyewe zile ngazi saa saba mchana uone kama kuna mtu, uliza barua yako inakaa muda gani ukiacha kulipa (hawa wanasema siku 30, nimewalazimisha waandike), na momo (hela ya simu) tuma kwa namba ya kampuni, si ya kijana. Na angalia chini ya meza.