Kupima chipukizi wa ligi ndogo za besiboli kwa Baseball Savant: uzoefu wangu

Ninaishi Columbus, Ohio, mwendo mfupi kutoka Huntington Park, uwanja wa nyumbani wa timu ya besiboli ya Columbus Clippers, na tangu msimu wa 2023 nimekuwa nikifungua tovuti ya Baseball Savant karibu kila usiku ili kuchunguza wachezaji niliowatazama jioni. Clippers wanacheza Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, wakiwa chini ya Cleveland Guardians, klabu ya ligi kuu. Kwa hiyo mjadala wa mashabiki jukwaani mara nyingi hauhusu nani ameshinda, bali nani yuko tayari kuitwa Cleveland.

Kabla ya hapo nililipia kwa mwaka mzima huduma nyingine, ambayo sitaitaja jina, iliyotoa orodha ya chipukizi 100 bora. Orodha hiyo ilipanguliwa kila mwezi, na nilipoifuatilia kwa makini nikabaini kwamba waliopanda walikuwa tu wale waliopiga vizuri katika wiki chache zilizotangulia. Umri wa mchezaji haukuzingatiwa, ilhali kijana wa miaka 20 anayemudu Double-A, ngazi iliyo chini ya Triple-A, ambako wengi wa wapinzani wake wamemzidi miaka 3 au 4, anastahili kusomwa tofauti kabisa na mwenye miaka 26 anayerudia ngazi hiyo hiyo. Sikuhuisha usajili.

Baseball Savant ni mali ya MLB, haitozi ada, na kazi yake si kutoa orodha ya chipukizi bora. Inaweka wazi vipimo vya mfumo wa Statcast: kasi na mzunguko wa kila mpira unaorushwa, na kasi na pembe ya kila mpira unaotoka kwenye gongo. Faida yake niliiona kwa mpigaji mmoja ambaye sisi wa jukwaani tulikuwa tumekwisha kumkatia tamaa kwa sababu wastani wake wa kupiga ulikuwa duni. Kumbe mipira yake mingi ilitoka kwa zaidi ya kilomita 153 kwa saa, kiwango ambacho Statcast hukihesabu kuwa pigo la nguvu, lakini ilikuwa ikiangukia mikononi mwa walinzi. Niliacha kuguna kila alipoingia kupiga.

Hata hivyo vipimo hivyo vinahitaji msomaji anayejua vilikotoka. Albuquerque, mji wa New Mexico wenye timu ya Triple-A, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi kiasi hicho mpira ambao kwetu ungedakwa unaweza kuvuka uzio; mpigaji anayetamba katika Pacific Coast League, ligi ya Triple-A ambamo timu ya Albuquerque hucheza, namsoma kwa tahadhari. Vilevile, mwaka 2023 viwanja vyote vya Triple-A vilitumia mitambo kuamua straiki, yaani kama mpira uliorushwa umepita katika eneo halali la kupigwa, kwa baadhi ya mechi moja kwa moja na kwa nyingine kwa njia ya rufaa, na warushaji wengi wakaonekana kugawa besi za bure, ambazo mpigaji hupewa mrushaji anapokosa eneo hilo mara nne, kupita kiasi. Mimi mwenyewe nilimlaumu mrushaji mmoja kwa kukosa shabaha kabla sijatambua kwamba eneo la straiki ndilo lililokuwa limebadilika.

Upungufu mkubwa uko kwenye ngazi za kati. Takwimu za wazi zinahusu Triple-A yote na, kwa Single-A, ngazi mbili chini ya Double-A, Florida State League iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021. Double-A, ambako maskauti (wasaka vipaji) wengi husema ndiko mchezaji anakopimwa kweli, haimo. Hapo hukimbilia tovuti ya FanGraphs, ambao maskauti wao hutumia kipimo cha kale cha 20 hadi 80, 50 ikiwa ni wastani wa ligi kuu, na kila kipaji hupewa alama yake. Mgawanyo huo una maana. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates, klabu ya ligi kuu, mwaka 2008, akafika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017 akiwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo, na alipoingia kupiga mara ya kwanza alipata pigo dhidi ya Jon Lester, mrushaji wa Chicago Cubs. Ulinzi wake ndio uliomfikisha huko. Upigaji wake haukuwahi kulingana na ulinzi huo, na msimu huo alimaliza mechi 28 akiwa na wastani wa kupiga wa .222, yaani takriban pigo 22 katika kila majaribio 100. Alama moja ya jumla isingekueleza hayo.

Siku hizi jicho langu liko kwa David Matoma, mrushaji kutoka Uganda, naye ni wa Pirates. Njia ya klabu hiyo kutoka Single-A hadi Triple-A hupitia timu za Bradenton, Greensboro, Altoona (Double-A), kisha Indianapolis. Bradenton imo katika Florida State League, kwa hiyo mtu aliyeko huko kasi yake ninaipata mpira kwa mpira. Akipanda Greensboro anatoweka kwenye Savant, na haonekani tena mpaka afike Indianapolis, timu ambayo kwa bahati huja kucheza hapa Columbus.

Ninaipa Baseball Savant nyota 4 kati ya 5. Ya tano naiweka mpaka Double-A itakapofunguliwa.