Kwa yule kine (mtaalamu wa kutibu mwili kwa mazoezi) wa Bel-Air, Lubumbashi, mwenye anaanzia kwa ubongo: nimeridhika, ila si kwa kila kitu

Niseme mapema. Kama uko na kifundo cha mguu chenye kinateguka kila wakati, ama goti lenye radio (picha ya eksirei) inasema limepona lakini wewe mwenyewe bado hauliamini, ama uko na mzazi nyumbani anashikwa kizunguzungu akigeuka kitandani, nenda kwa huyu dada kule Bel-Air. Kama unatafuta mtu wa kukufundisha kuwapita mbio wachezaji wa timu ya Mazembe kwa kufuata kalamu na macho, hapo mimi bado, na nitaeleza juu ya nini.

Kibao hakuna. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya familia, unaulizia tu "kwa kine" watoto wa avenue wanakupeleka. Ndani kuna kitanda cha mbao, mkeka, sponji ngumu za kusimamia, ubao wenye umefungiwa nusu ya mpira chini yake, na ukutani karatasi za herufi, kubwa kwa ndogo. Mashine hakuna hata moja. Watu wengi wakiingia wanauliza mashine ziko wapi na wengine wanarudia hapohapo mlangoni, na mimi hilo linanisikitisha sana juu kazi yenye inafanyika mule ndani haihitaji mashine, inahitaji mtu mwenye anajua kuangalia mwili unavyosogea, na huyu anajua.

Mimi nacheza bale (mpira wa miguu) ya Jumapili, ekipe ya kartie (timu ya mtaa), Katuba. Kifundo cha kushoto kiliteguka vibaya, nikaenda hospitali moja wakapiga radio, mfupa mzima, wakanifunga bandeji na dawa za maumivu wakasema pumzika. Nyumbani mama akanikanda na maji ya moto na chumvi. Uvimbe ukaisha, maumivu yakaisha, lakini mguu ukawa unanisaliti tu: kashimo kadogo barabarani, chini. Kushuka kwa teksi-bisi, chini. Na kila mtu alikuwa ananiambia fanya mazoezi ya nguvu, basi nikafanya sana, misuli ikajaa, na kifundo kikaendelea kuanguka vilevile.

Huyu dada hakuniuliza kwanza mguu unauma wapi. Aliniambia vua viatu, simama na mguu wa kuume, funga macho. Nikasimama sawa. Sasa wa kushoto. Macho wazi, sawa tu. Nikafunga macho, na hapo ndio nikaona kitu: vidole vya mguu vikaanza kukwaruza mkeka vinatafuta pa kushika, kifundo kinatetemeka huku na huku, na kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimeshamshika yeye bega. Akasema, "Ndugu, nguvu unayo. Chenye kinakosa ni habari."

Yaani ndani ya ligamenti, ndani ya misuli na hata kwa ngozi ya unyayo kuna vihisio vidogo vyenye vinaambia ubongo mguu uko wapi, umepinda kiasi gani, unaenda kwa kasi gani. Ligamenti ikichanika, na hivyo vihisio vinaumia. Ligamenti inaweza kupona lakini ubongo unabaki unapokea habari pungufu kama simu yenye reseau (mtandao) mbovu, halafu unachelewa kuamuru misuli ya pembeni ikaze, na ule uchelewaji kidogo tu unatosha kukuangusha. Si mambo ya juzi haya ya mitandao. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza, Freeman, na wenzake waliandika kwamba miguu yenye inategukateguka baada ya kuumia shida yake kubwa iko kwa hizo habari, na wakawaweka wagonjwa kusimama juu ya ubao wa kuyumba. Ubao kama ule wenye uko Bel-Air leo.

Mazoezi yenyewe ukiyaona kwa mbali utasema ni mchezo wa watoto. Unazungusha kifundo polepole sana mguu mtupu, unasimama mguu mmoja juu ya sponji, anakurushia bale unashika, kiisha anakwambia soma herufi za ukutani huku unageuza kichwa kushoto na kuume na herufi zisichezecheze. Hii ya mwisho inagusa sikio la ndani, mule kwenye mifereji mitatu kila upande yenye inahisi kichwa kikizunguka, na ambayo inaongoza macho yabaki palepale wakati kichwa kinasogea. Nilidhani nitatoka na miguu imechoka, kumbe ni kichwa kilichochoka, jasho linatoka na sijakimbia hata hatua moja. Baadaye ndio zinakuja za kuruka na kutua, kukata kona ghafla, kugongwa bega ukiwa hewani. Nyumbani ananipa kazoezi kadogo: kusugua meno nikiwa nimesimama na mguu mmoja, asubuhi wa kushoto, jioni wa kushoto tena.

Sasa nacheza mechi nzima na kifundo kinanyamaza. Namaanisha hivyo kabisa, hata kwenye ule uwanja wetu wa vumbi na mashimo.

Lakini chenye kilinifanya niandike hii yote ni mama yangu. Miezi mingi alikuwa anasema nyumba inazunguka. Alipewa dawa za malaria, akapimwa tansio (presha), akaambiwa ni uzee. Nikamleta. Dada akamuuliza swali moja tu lenye hakuna mtu aliwahi kuuliza: "Mama, inakuja ukifanya nini?" Mama akasema, "Nikigeukia kuume kitandani, mwanangu. Yote inazunguka, kiisha inatulia."

Akamkalisha kwenye kitanda, akamgeuza kichwa kuume, akamlaza chali haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya kitanda huku amekishika kwa mikono miwili. Sekunde chache hakuna kitu. Halafu nikaona macho ya mama yanaanza kuruka, yanadundadunda upande mmoja yanarudi, yanadundadunda tena, na mama amemkamata mkono kwa nguvu anasema, "Niache, naanguka!" Naye kwa sauti ya chini, "Uko mikononi mwangu, mama, usifunge macho, inaisha." Ikaisha. Akageuza kichwa taratibu upande wa pili, akangoja, akamgeuza mwili mzima alale kwa ubavu uso unatazama chini, akangoja tena, akamwinua. Siku nyingine alirudia. Mama sasa anageuka kitandani anavyotaka.

Alinieleza: ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo vya kalsiamu vyenye vinatusaidia kuhisi kuinama na kuinuka. Vikitoka pahali pake vikaingia kwenye mfereji, kila ukigeuza kichwa vinasukuma maji ya mule na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala. Ule mzunguko wa kurudisha vijiwe aliubuni daktari Mmarekani John Epley, na aliuandika mwaka 1992. Hauhitaji dawa wala mashine. Nafikiria ni wazee wangapi hapa Lubumbashi wameacha kwenda sokoni, wameacha kwenda kanisani, juu ya vijiwe vyenye mtu mwenye amejifunza anaweza kuvirudisha kwa dakika chache, na roho inaniuma kweli.

Ila na hapa sikilizeni vizuri: si kila kizunguzungu ni vijiwe. Nilimuona anamkatalia papa mmoja mbele yetu. Alikuja anayumba, imeanza ghafla asubuhi, na maneno yanamtoka ovyo. Hakumgusa hata na mazoezi, aliita teksi palepale akaandika barua akamtuma hospitali na kijana wake. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, hiyo inaweza kuwa kiharusi na unakimbia, haungoji randevu ya kine. Kwa mimi ile siku ndio niliamini huyu si mchuuzi.

Sasa ile yenye sijakubali. Kuna kipindi anakuambia inama ushike vidole vya mguu, unafika pahali fulani. Halafu unafuatisha kalamu na macho mara kadhaa, unainama tena, unafika chini zaidi. Vijana wa bale wanashangaa sana wanapiga video. Mimi nikamuuliza, dada, si ni kwa sababu nimeinama mara ya pili mwili umepata moto, na pia umeniambia mapema kwamba nitafika chini zaidi? Hakukasirika. Alisema inawezekana, na kwamba yeye anaitumia kuona mwili unaitika vipi, si kama ushahidi. Jibu zuri. Basi naomba awaambie na wale vijana vilevile, juu wanatoka pale wanaamini kalamu imewaongezea spidi. Kidiaba, yule kipa wa zamani wa Mazembe, hakuyasoma mashambulizi kwa kufuata kalamu, aliyasoma kwa miaka ya kusimama golini, na ubongo wake ulijifunzia pale.

Kasoro zingine ni za kawaida. Jumamosi watu ni wengi anaharakisha, njoo katikati ya wiki. Mvua za Desemba ule uchochoro ni matope matupu, mwenye magongo atateseka. Na maelezo yake kwa vijana ni mazuri lakini kwa mama zetu anatupa Kifaransa cha shule ya udaktari mpaka unabaki kutafsiri. Bei ni dola 15 mara ya kwanza na 10 zenye zinafuata, franka anapokea, na kwa mtu wa kuuza makala (makaa) hiyo si kidogo. Nimeona anapunguzia wazee bila kuombwa.

Na kwa maantrenea (makocha) wa ekipe za kartie wenye hawawezi kulipia wachezaji kumi na mmoja: ile programu ya kupasha mwili ya FIFA, 11+, ni bure, inachukua kama dakika 20, na ndani yake kuna kusimama mguu mmoja, kusukumana, kuruka na kutua vizuri, mambo yaleyale ya Bel-Air. Ilijaribiwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, matokeo yakatoka 2008, na wenye waliifanya waliumia kwa karibu theluthi moja pungufu. Sisi Jumapili bado tunazunguka uwanja mara mbili tunaanza mechi. Nimeshaongea na kapiteni wetu, wiki ijayo tunaanza nayo, na dada amekubali kuja Katuba kutuonyesha ile ya kutua bila goti kuingia ndani.