Kozi ya sheria ya bahari ya "kulipiwa kila kitu": nilivyoiona mimi mtu wa Mpwapwa

Barua ya kukubaliwa ilipofika, mzee wetu wa masijala aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, sheria ya bahari? Bahari ya wapi, bwawa la Mtera?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, na kwa wiki mbili jina langu likawa Nahodha. Sikumlaumu. Mimi ni afisa sheria hapa Dodoma, mzaliwa wa Mpwapwa, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, siku ile naenda kuripoti chuo Dar.

Ila mzee alisahau kitu kimoja. Serikali ilishahamia huku. Rasimu za kanuni za uvuvi, bandari na usafiri wa majini siku hizi zinapita mezani kwa watu wa Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, wengine wetu hata kuogelea hatujui. Nikaona bora nisome.

Kozi yenyewe ni wiki nane kwa mtandao, kisha wiki mbili ana kwa ana kwenye mji wa bandari Ulaya. Tangazo lilisema ufadhili ni kamili: ada, ndege, malazi, posho. Jina la waandaaji silitaji, kwa sababu nina malalamiko na bado kuna hela nawadai. Aliyewahi kuomba atawatambua.

Naanza na masomo, maana hapo sina ubishi. Walimu ni watu waliosimama mahakamani na waliokaa kwenye meza za mazungumzo ya mikataba, si wasomaji wa silaidi. Tulianza na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliosainiwa Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982. Tanzania iliuridhia 1985, na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria yetu ya bahari ya eneo na ukanda wa kiuchumi. Chuoni nilipitia haya haraka haraka nikasahau. Safari hii yamekaa.

Yamekaa kwa sababu niliyahamishia barabarani. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, kwa hiyo maili 200 za ukanda wa kiuchumi ni kilomita 370 na ushei. Kwenye ramani ya buluu namba hiyo haikuniambia kitu. Lakini ukipanda basi Dar kuja Dodoma, kilomita 370 zinakuleta maeneo ya Kibaigwa, pale kwenye soko la mahindi. Bahari ya eneo, zile maili 12 ambazo nchi ina mamlaka nazo kama ardhi yake, haikufikishi hata Kibaha. Kuanzia hapo mpaka Kibaigwa samaki ni wako, gesi ni yako, lakini meli ya mwenzio inapita zake bila kupiga hodi. Nilivyomweleza hivi mzee wa masijala, akasema, "Kumbe ni kama njia ya ng'ombe kwenye shamba la mtu." Si sawasawa, lakini nimesikia maelezo mabaya zaidi ya hayo kutoka kwa wenye shahada.

Paliponishinda ni mstari wa msingi. Mkataba unasema vipimo kwa kawaida vianzie kwenye alama ya maji yakiwa yamekupwa. Mwalimu alichora grafu nusu saa nzima. Mimi nilikulia kwenye makorongo. Maji ya kwetu yakija yamekuja, yakikauka yamekauka, hayana tabia ya kwenda na kurudi. Tulikuwa Watanzania wawili, mwenzangu kaka mmoja wa Unguja, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika moja: "Dada, siku ya bamvua maji yakikupwa watu huenda mbali kabisa kuokota chaza na pweza. Pale maji yalipokomea ndipo unapoanza kupima. Ukipimia pale yalipojaa, umejipunja mwenyewe." Basi. Kwa nini mwalimu hakuanza na pweza?

Kilichonifanya niseme kozi inastahili ni zoezi la siku tatu za mwisho. Tuligawanywa: kundi moja nchi ya pwani iliyokamata meli ya uvuvi, jingine nchi yenye bendera ya meli inayotaka iachiwe. Mfano wa kujifunzia ulikuwa kesi ya Saiga, meli ya mafuta ya bendera ya Saint Vincent na Grenadini iliyokamatwa na Guinea Oktoba 1997 kwa kuziuzia mafuta meli za uvuvi. Ndiyo kesi ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ile ya Hamburg. Desemba 4 mwaka huohuo mahakama ikaamuru iachiwe kwa dhamana ya dola 400,000, pamoja na mafuta yaliyokwisha kushushwa.

Nikiwa nasoma orodha ya majaji, macho yakasimama kwenye jina moja: Warioba. Jaji Warioba huyuhuyu tunayemjua kwa uwaziri mkuu na Tume ya Mabadiliko ya Katiba alikuwa miongoni mwa majaji wa mwanzo wa mahakama ile, na baadaye, kuanzia 2005, akaingia Mtanzania mwingine, James Kateka. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hayo chuoni. Darasani nilinyoosha mkono nikasema tu "huyu ni wa kwetu", kama mtoto aliyemuona mjomba wake kwenye televisheni.

Mimi nilikuwa upande wa nchi ya pwani. Nikasimama na hasira zote za kizalendo, nikadai dhamana sawa na bei ya meli, shehena na faini juu. Mwalimu mama, mpole sana, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Usiku wa leo nahodha analala wapi?"

Nikajibu mahabusu. Akanifungulia ibara ya 73: kwa makosa ya uvuvi kwenye ukanda wa kiuchumi, adhabu ya nchi ya pwani haiwi kifungo pasipo makubaliano ya nchi husika, na meli na mabaharia waachiwe mara moja wakiweka dhamana ya kiasi cha haki. Nilikaa chini. Kichwani ilinijia Tawariq 1, meli iliyokamatwa mwaka 2009 na shehena ya jodari, mtaani tukawaita "samaki wa Magufuli" kwa kuwa yeye ndiye alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi. Tulishangilia. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia ile kwa kasoro za kiutaratibu. Nikaitoa kesi hiyo darasani na mjadala ukala muda wa chai. Kukamata, nimegundua, ndiyo sehemu rahisi.

Sasa malalamiko. "Kulipiwa kila kitu" maana yake ni kulipiwa kila kitu kuanzia uwanja wa ndege wa Dar. Kutoka Dodoma hadi hapo ni juu yako. Nilishuka Dar mara mbili kwa ajili ya viza, mara ya kwanza kupeleka fomu na alama za vidole, mara ya pili kuchukua pasipoti. Treni ya SGR ni 31,000 kwenda, na kurudi hivyohivyo, bado malazi, bodaboda na bima ya safari. Kabla sijapanda ndege nilikuwa nimetoboa takriban 780,000 mfukoni. Bima na ada ya viza walinirudishia baada ya wiki saba. Nauli za ndani walikataa, eti mshiriki anatarajiwa kuishi karibu na kituo cha safari. Mtu aliyeandika sharti hilo alimfikiria afisa wa bandari anayekaa Kurasini, palepale Dar. Posho nayo iliingia siku ya tisa kati ya kumi na nne. Mwenzetu mmoja kutoka Malawi, nchi isiyo na pwani kabisa, alikuwa na kilio kilekile.

Vipindi vya mtandao vilikuwa saa tisa alasiri kwa saa zetu, katikati ya kazi. Bosi wangu alisaini fomu ya ruhusa, lakini kusaini na kukuacha ni vitu viwili. Kuna somo zima la uchafuzi wa bahari nimelisikilizia kwenye ngazi za ghorofa ya pili, simu sikioni, huku nikijifanya napokea maelekezo. Umeme ukikatika nyumbani Nkuhungu, bando ndiyo mkombozi, na bando hawalipi.

Anayetaka shahada asipoteze muda hapa; unapata cheti tu. Ipo Taasisi ya Sheria ya Bahari ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, kule Malta, tangu 1988, na Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia kule Malmö, Sweden. Lakini kama wewe ni afisa sheria, wa uvuvi au wa mazingira na unashika rasimu zenye neno bahari ndani yake, omba. Kwenye insha usiimbe uchumi wa buluu. Kila mtu anauimba. Taja faili lililo mezani kwako na swali lililokushinda. Mimi niliandika kuhusu kifungu kimoja cha kanuni, aya nne tu, na kwenye usaili ndicho pekee walichoniuliza.

Weka akiba ya laki nane, na sweta.

Cheti kilifika kwa posta mwezi wa pili. Jina la baba yangu limekosewa herufi mbili. Nimewaandikia mara tatu. Wamejibu mara moja, kuniuliza kama ningependa kuomba kozi ya ngazi ya pili.